Bolti Nyepesi kwa Mama Mkwe

Jumapili, 3 Agosti

Mkutano wa familia kwa shemeji Muhire. Binti yake Teta anaposwa tarehe 23. Mambo yote yalipangwa kabla soda hazijafunguliwa: mahema, viti, wapishi. Likabaki moja. Nani atakuwa msemaji wa familia? Yaani yule anayekaa mbele na fimbo, anayewajibu wakwe kwa mafumbo mpaka watoke jasho, kisha anawaachia binti kama mtu aliyeshurutishwa.

Nilikohoa. Shemeji Sebagabo naye akakohoa.

Huyu Sebagabo ni kaka wa mke wangu na wa Muhire. Ana boti za kuvulia sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa wa ziwa letu, mabega mapana, na sauti ya kuwaita watu walio ng'ambo ya maji. Kila sherehe msemaji ni yeye. Mwaka juzi alisema mpaka wali ukapoa, na akamwita bibi harusi kwa jina la dada yake. Mimi niko ofisi ya bima. Maneno ndiyo kazi yangu. Ila nilizaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka, nikaoa katika familia hii, na tangu nioe nimepewa kazi moja tu katika sherehe zao: viti. Kuvikodi, kuvipanga, kuvirudisha. Inaniuma. Naandika hivyo kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka.

Muhire alitutazama mmoja mmoja, akasema yeye hawezi kuchagua kati ya kaka na shemeji. Basi mtu fulani, nadhani ni mimi, akasema tushindane. Sebagabo akataja baiskeli. Tarehe 15, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, hakuna kazi. Kutoka ufukweni Gisenyi mpaka Mahoko kwa mama yao, mzee Nyirahabimana. Atakayefika kwanza kwa mama ndiye atakayeshika fimbo. Mama mwenyewe ataamua.

Nilikubali haraka. Halafu nikakumbuka kwamba Mahoko iko juu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejaribu njia baada ya kazi. Nilifika Rugerero. Karibu na Rugerero. Mama mmoja mwenye kapu la viazi kichwani alinipita kwa miguu, akanipa pole, akaendelea na simu yake.

Tatizo ni uzito. Uzito wa baiskeli, bila shaka. Nimekaa jioni nzima nikisoma kwenye simu, na jibu nimelipata. Bolti! Wakimbiaji wakubwa wa baiskeli wanatoa bolti za chuma, wanaweka za titani. Nguvu haipungui, uzito unakaribia nusu. Sebagabo hajui hata kama titani ipo duniani.

Nilimweleza mke wangu, Vénantie. Akasema kuna uzito mwingine uko karibu zaidi, akatazama sahani yangu. Ilikuwa ya pili. Nikaimaliza. Anauza samaki, na mambo ya metali hayamhusu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeagiza. Binamu yangu Emmy wa Kigali anamfahamu mtu anayeuza vitu hivyo. Emmy aliniuliza mara mbili kama nimekosea, kama labda nilitaka baiskeli nzima.

Pesa nilitoa kwenye bahasha ya kabatini, ile Vénantie aliyoiandika "Suti ya Papa Cyusa". Papa Cyusa ni mimi. Cyusa ni kijana wetu anayesoma Huye. Nilifikiri vizuri kabla ya kuifungua. Suti ni ya sherehe. Lakini msemaji havai suti, msemaji anavaa vazi la jadi la kufunga begani. Msemaji nitakuwa mimi. Kwa hiyo suti haina kazi. Nimemwokolea mke wangu gharama, ingawa sijaona haja ya kumwambia leo.

Jumapili, 10 Agosti

Zimefika kwa basi. Pakiti ilikuwa nyepesi hata nikadhani Emmy amesahau kutia kitu ndani. Nzuri ajabu. Nyingine zambarau, nyingine buluu. Nilizipanga mezani, nikazitazama mpaka Vénantie akarudi kutoka misa ya pili.

Alitaka kujua zina faida gani. Nikasema ni nyepesi. Akaenda kuchukua mizani yake ya samaki. Akaweka bolti za chuma nilizokuwa nimezifungua. Mshale ukasogea kidogo. Akaziondoa, akaweka za titani. Mshale ukasogea kidogo. Akainama, akavaa miwani, akaongeza sambaza mmoja mmoja juu ya zile za titani mpaka mshale ukafika pale ulipofika kwa chuma.

"Papa Cyusa," akasema, "umejipunguza tusambaza tu. Hatujai ata mukono."

Yaani visamaki visivyojaza hata kiganja. Nikamwambia mizani yake ni ya sokoni, haikutengenezwa kwa kazi ya kisayansi. Akasema sawa. Akakaanga sambaza wale wale, na mimi nikawala kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

Jumatano, 13 Agosti

Kwa fundi Ntwali, karibu na soko la Mbugangari. Nilimuuliza kama anaijua titani. Akasema ameifanyia kazi tangu utoto. Nilifarijika. Halafu akaipiga moja kwa nyundo ili kusikia sauti yake.

Mtandao unasema bolti za titani zipakwe mafuta, la sivyo zitang'ang'ania. Mafuta ya Ntwali yalikuwa yamekwisha. Akaenda kwa jirani, akarudi na kikopo cha samli. Si mbichi, ile iliyokaa, ile ya wazee. Sasa baiskeli yangu inanukia nyumba ya bibi yake mtu, na paka wawili walinifuata mpaka kwenye lami.

Kulikuwa na shida ya keria. Bolti zake ni nene, na za titani za kipimo hicho hazikuwemo kwenye pakiti. Nitawezaje kubeba bolti za chuma nyuma na za titani mbele? Baiskeli itakuwa haina msimamo. Nikamwambia Ntwali aing'oe keria nzima. Na madigadi pia. Kengele imebaki kwa sababu ya polisi.

Bolti za zamani Ntwali alisema atazitupa mwenyewe, nisijisumbue. Kijana mwaminifu.

Alhamisi, 14 Agosti

Vénantie ametayarisha zawadi za mama yake. Kidumu cha urwagwa, ile pombe ya ndizi ambayo mzee anaipenda. Sukari. Sabuni za miche. Kitenge. Nilimuuliza vyote hivyo vitakwendaje. Akaniuliza kama mimi si ninakwenda huko huko.

Nikamweleza kwa upole kwamba kesho siendi kwa mama yake. Kesho ninashindana, na mwisho wa mashindano umetokea tu kuwa kwa mama yake. Akasema mkono mtupu haulambwi. Nikasema methali hiyo ilitungwa kabla ya titani. Akafunga kidumu vizuri kwa kipande cha jani la mgomba, akakiweka mlangoni ili nisikisahau.

Alipokwenda sokoni nilikihamishia nyuma ya gunia la makaa. Na sukari, na sabuni, na kitenge. Siibi, wala sikatai kutoa. Mpango ni huu: kesho nashinda, napiga simu, kijana wa moto, yaani wa pikipiki ya abiria, anakuja kuvichukua, vinafika Mahoko mchana. Zawadi ikichelewa kidogo bado ni zawadi. Lakini fimbo ikichelewa ni ya Sebagabo.

Habari njema kutoka kwa Ntwali, ambaye hawezi kunyamaza: Sebagabo naye alipita kwake. Ameongeza keria kubwa zaidi, ile ya kubebea magunia ya viazi! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo, nikishika ufagio.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Sababu itaonekana.

Tulianzia ufukweni baada ya misa ya kwanza. Sebagabo alikuja na baiskeli yake ya chuma, iliyozeeka kuliko ndoa yangu. Nyuma kidumu kikubwa cha urwagwa, mfuko wa sambaza wakavu, na kuku hai amefungwa miguu. Akanitazama, akatazama nyuma ya baiskeli yangu ambako hapakuwa na kitu.

"Shemeji, sasa we unaenda na nini kwa mama?"

Nikamwambia ninakwenda na titani. Akanitazama kwa namna ambayo asubuhi niliidhania ni woga.

Tambarare nilimwacha. Rugerero nilipita mbele, nikapiga kengele ili watu waone. Baada ya hapo mlima ukaanza na miguu yangu ikaanza kubishana nami. Kwa bahati lilipita lori lililokuwa linarudi Kigali tupu, taratibu, na nyuma yake wamening'inia vijana wa baiskeli za abiria, mkono mmoja kwenye bodi. Ni hatari, na ofisini kwetu tuna bango la kuikataza. Nami nikashika. Kidogo tu. Sikushika ili nivutwe, nilishika nipate usawa, na lori likawa linakwenda upande wangu. Lazima niseme bolti zilifanya kazi nzuri sana katika kipande kile.

Nilipogeuka nilimwona Sebagabo chini kabisa, anasukuma baiskeli kwa miguu, anasimama kila mlango kusalimiana.

Nilifika! Kwanza! Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Nilipiga kengele. Nikamwambia, mama, nimefika, na wa kwanza ni mimi. Akainuka, akanikumbatia kwa adabu zote, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akatazama nyuma yangu. Akaniuliza kama njiani nimekutana na wezi. Nikasema hapana. Akaniuliza kama binti yake ni mgonjwa. Nikasema mzima kabisa. Akauliza kama huko Gisenyi kuna njaa. Nikasema hakuna. Basi maswali yakaisha, akakaa chini, akarudia maharage yake.

Dakika zile sizitaki tena maishani. Mimi mkwe, nimesimama katika ua wa mama mkwe, mikono inaning'inia. Nilipiga simu kwa kijana wa moto, akasema yuko kwenye foleni ya mafuta. Nilimweleza mama kuhusu wepesi. Akasema ndiyo, anauona.

Hapo nikafanya jambo lililonijia. Nilitoa spana yangu ndogo, nikafungua bolti nzuri kuliko zote, ile ya zambarau inayoshika kiti, nikaifuta samli kwa shati, nikampa kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaing'ata. Akanishukuru kama unavyomshukuru mtoto aliyekuletea jiwe, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Sebagabo alitokea baadaye sana, jasho tupu, na nusu ya Mahoko nyuma yake, kwa kuwa kidumu kilikuwa kinavuja na harufu ilimtangulia. Kuku akakabidhiwa. Sambaza wakakabidhiwa. Vikombe vikatoka. Muhire naye akashuka kwenye basi, na nyuma yake, sikuamini, Vénantie. Mikononi kidumu kile kile. Sukari, sabuni, kitenge. Mkono wake mmoja ulikuwa mweusi wa makaa.

Muhire akauliza nani amefika wa kwanza. Nilisimama. Mama mkwe akasema neno kwa Kinyarwanda na watu wote wakaitikia. Kisha akalirudia kwa Kiswahili, taratibu, ili nisije nikadai sikuelewa:

"Huyu hakufika. Alipita tu hapa. Kwa mama, mwenye kufika ni ule mwenye kukuya na kitu."

Yaani anayekuja na kitu mkononi. Nikakata rufaa. Nikasema sheria ilikuwa kufika, haikutaja mizigo. Mama akasema hakuna aliyetaja pia kwamba tuvae suruali, na wote tumevaa. Wakapanga: wa kwanza Sebagabo, wa pili Vénantie, aliyekuja na basi. Mimi sikuwemo kabisa. Nilikuwa bado njiani, kisheria.

Walinipa urwagwa hata hivyo. Nilikunywa. Ilikuwa ya kwetu, ya nyuma ya makaa, nzuri sana, na kila aliyeonja alimshukuru mke wangu.

Wakati wa kurudi nikagundua kwamba kiti cha baiskeli bila bolti hakikai. Kinazunguka, kisha kinazama. Sebagabo akaona. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bolti ya chuma, akaniambia chukua shemeji, hii ni ya kiti, Ntwali aliniuzia hizi juzi, ni nzuri, zimetumika kidogo tu.

Nikatazama na zile za keria yake, nikazijua. Zile mbili zenye mkwaruzo ni mimi nilizikwaruza. Zilikuwa bolti zangu: hii ya mfukoni, na nyingine kwenye keria ya Sebagabo, zimebeba kidumu na kuku mpaka Mahoko.

Nilikataa. Mtu ana heshima yake. Nilitia kiti kwenye mfuko wa mgongoni na kuteremka kutoka Mahoko hadi ziwani nimesimama juu ya pedali. Isipokuwa pale Rugerero, kwenye tuta, ambapo nilisahau nikakaa. Watu walipiga makofi. Mimi nikajibu kwa kengele.

Jumamosi, 16 Agosti

Sikai. Vénantie ameniletea maji ya moto na chumvi bila kuulizwa, akanikanda, akawa mpole kabisa. Nikajua ameshafungua kabati.

Akaniuliza suti iko wapi. Nikasema suti iko kwenye baiskeli. Akakamua kitambaa cha kunikandia. Kisha akasema nusu ya bahasha ile ilikuwa pesa ya sambaza wake, aliosimama nao kwenye mvua, na kwamba alitaka siku hiyo moja mume wake asimame kati ya kaka zake amevaa vizuri. Sikuwa nimelijua hilo. Niliona aibu, ile ya kweli. Leo siandiki zaidi.

Jumamosi, 23 Agosti

Sherehe imepita. Nilikodi viti, nikavipanga, nikavihesabu.

Nilivaa koti la Sebagabo. Ndiyo. Alilileta mwenyewe, limepigwa pasi, akasema shemeji usijali, mimi leo nina vazi la jadi. Mikono ya koti ilinifunika vidole, hata sikuweza kushikana mikono na wageni vizuri, walishika kitambaa. Mgeni mmoja aliniuliza kama nimekonda. Hilo lilinifurahisha kidogo.

Sebagabo alisema. Ningependa kuandika kwamba alisema vibaya. Aliwazungusha wale wakwe mpaka msemaji wao akasahau alikuja kuomba nini. Jina la Teta alilitaja sawasawa kila mara. Teta alipotoka ndani, na wanawake wakaanza kuimba, machozi yalinitoka. Moshi wa jikoni ulikuwa mwingi upande wa viti.

Nilikwenda jikoni kutafuta mkaa wa kulaumu, na hapo nikaona. Sufuria kubwa ya wali. Kifuniko chake kilikuwa na kishikio kipya, chenye rangi ya zambarau. Bolti yangu! Mama mkwe aliipeleka kwa fundi wa Mahoko akaitia. Wapishi waliifungua sufuria kutwa nzima kwa vidole vitupu, na kila mmoja alishangaa kwamba haichomi. Mama aliwaeleza wageni kwa fahari, nami nikiwa nimesimama pale pale:

"Hii niliachiwa na mukwe wangu wa Gisenyi. Siku ile alipita."

Jumapili, 24 Agosti

Nimerudisha viti. Viwili vimevunjika, nimevilipia.

Nimekaa leo, kwa sababu sasa ninaweza kukaa, nikajichunguza bila kujionea huruma. Mtu akishindwa lazima ajiulize amekosea wapi. Zawadi? Hapana, zawadi zilifika, Vénantie alizileta. Lori? Lile lilikuwa la msaada. Bolti? Zimesifiwa mbele ya koo mbili na mapadri wawili, jambo ambalo hotuba ya Sebagabo haikupata.

Na wakati ni mzuri. Muhire ananiambia kuna kijana anayemzungukia mdogo wake Teta, Iriza. Posa itakuja kabla ya Pasaka. Msemaji atahitajika. Vénantie naye, Mungu ambariki, ameanza bahasha mpya. Ameificha chini ya mizani ya samaki, akidhani sitaangalia huko.

Kwa hiyo nilitoka uani, nikaizunguka baiskeli taratibu, nikaipapasa kila mahali, kwa uaminifu wote, mpaka nikaliona kosa langu.

Kengele. Bado ni ya chuma.